Sentensi ya Mzee Gicheru

Mtu akifia Kitale siku hizi, huenda maisha yake yataandikwa na Tabby. Ana chumba kimoja kwenye barabara inayoteremka kuelekea mochari, katikati ya duka la majeneza na kibanda cha Jerono, anayeuza mashada ya maua. Chumbani mna kompyuta mbili, moja ikiwa nzima, printa, mashine ya fotokopi na benchi la wafiwa. Watu huingia na picha ya marehemu kwenye simu na majina ya watoto kwenye kipande cha karatasi. Hutoka na programu ya mazishi ya rangi: picha mbele, nyimbo katikati, na ndani yake wasifu wa marehemu, ambao watu wengi huuita yuloji.

Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, wakalima mahindi upande wa Kiminini. Tabby hakupenda mahindi. Alisomea kupiga chapa, akaajiriwa na wakili mmoja wa mjini, Bwana Gagandeep, Singasinga mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti kwa sababu, alivyosema mwenyewe, sauti yake ilikuwa ya kulipwa. Ni katika ofisi ile ndipo Tabby alipokutana na neno ambalo limemfuata mpaka leo.

Siku hiyo wakili alimpa mkataba wa zamani wa kukodisha duka, wa mteja aliyeitwa Mahesh, na pembeni akaandika kwa kalamu: "Kama huu, kwa Bimla, mutatis mutandis." Tabby akaupiga chapa wote vizuri, na palipokuwa na jina la Mahesh akaandika Bimla Mutatis Mutandis. Mkataba wenyewe ulikuwa na kurasa nyingi na jina hilo lilitokea katika kila ukurasa. Bimla alikuja, akavaa miwani, akasoma, akamwuliza wakili huyo Mutatis ni mtu wa ukoo gani.

Wakili alimwita Tabby ndani.

"Huyu Mutatis ni nani?"

"Nilidhani ni jina la baba yake," Tabby alisema.

Bwana Gagandeep hakucheka. Alimwambia aketi. Alimweleza kwamba hicho ni Kilatini, lugha ambayo hakuna kijiji kinachoizungumza tena lakini mawakili hawajaambiwa. *Mutare* ni kubadilisha. *Mutandis* ni yale yanayopaswa kubadilishwa, na *mutatis* maana yake ni kwamba yamekwisha kubadilishwa. Ukiyaweka pamoja, unamwambia mtu: chukua hiki cha zamani, badilisha panapopaswa kubadilishwa, kisha kitumie kama kilivyo.

"Na mengine?" Tabby aliuliza.

"Mengine usiguse. Kuna makosa mawili tu hapa. La kwanza ni kuacha kitu kilichopaswa kubadilika. La pili ni kugusa kitu ambacho hakikupaswa. Ukiepuka hayo mawili, unaweza kuandika mikataba yote ya Kitale kwa kutumia mkataba mmoja."

Ndivyo walivyofanya kwa muda mrefu. Bwana Gagandeep alipozeeka, alifunga ofisi akaenda kuishi Nairobi kwa binti yake Simran, na Tabby akapewa kompyuta moja kama shukrani. Ndiyo ile isiyo nzima. Akakodi chumba karibu na mochari, kwa kuwa aliona ni sehemu ambayo wateja hawataisha.

Haikumchukua muda kugundua kwamba wafu wanafanana na mikataba. Wote walizaliwa katika familia ya watu wacha Mungu. Wote walikuwa wapenda amani. Wote waliugua kwa muda mfupi, hata yule mama wa Kibomet aliyelala kitandani mpaka kitanda kikabadilishwa. Kwa hiyo Tabby alihifadhi mifano: mzee mmoja, mama mmoja, kijana mmoja na mtoto mmoja. Mteja akiingia alionyeshwa mfano, akataja majina, naye akabadilisha panapopaswa. Aliwaeleza neno lenyewe wakati wakingoja printa ipate moto, na wafiwa, ambao hawana la kufanya kwenye benchi, walisikiliza.

Neno likatoka nje ya chumba. Jerono alilichukua kwanza. Mteja akilalamika kwamba shada la leo ni kama la juzi, Jerono humjibu, "Ni mutatis mutandis, customer, nimebadilisha ribbon." Fundi wa majeneza akalitumia kwa maana ya kuongeza urefu. Baadaye wateja wenyewe wakaligeuza kuwa kitenzi, jambo ambalo Bwana Gagandeep hakulitarajia. Wakawa wanaingia na kusema, "Mama Ian, nimutatishie hii." Ian ni mwanawe Tabby, anasoma Eldoret, na hakupenda mama yake ajulikane kwa kazi ya wafu, lakini karo ililipwa kwa kazi hiyo.

Mzee Gicheru alipofariki, binti yake Rahab alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwalimu wa nasari, naye hakutaka mfano. Aliketi na Tabby bega kwa bega akamsomea kila neno. Walipofika mwisho alisema kuna sentensi moja anayotaka iandikwe vile vile, kwa kuwa baba yake aliisema hospitalini naye akiwa amemshika mkono. Tabby akaandika: "Kabla ya kufumba macho aliwaambia waliokuwa karibu naye kwamba amewasamehe wote waliomkosea, na zaidi ndugu yake wa Kamukuywa, ambaye alimpenda mpaka mwisho."

Huyo ndugu aliitwa Mathenge, na alikuwa na duka la mbolea katika soko la Kamukuywa. Walikosana wakiwa vijana. Rahab hakujua kwa nini, na alishuku kwamba hata wao wenyewe walikuwa wamesahau, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Baada ya mazishi alipita kumshukuru Tabby, akasema wasifu ulisomwa vizuri, watu walitulia, lakini Mathenge hakuja. Sentensi ilikuwa imesomwa kwa watu wote isipokuwa mwenyewe.

Tabby aliupenda ule wasifu. Ulikuwa umeandikwa vizuri kuliko mfano wake wa mzee, kwa hiyo akauweka uwe mfano mpya, na nakala yake akaibandika ukutani.

Mwezi wa Agosti, mvua ikiwa haikatiki, aliingia mtu aitwaye Kemboi, dereva wa lori la mahindi. Baba mkwe wake, Mzee Wabomba wa Matulo, kule karibu na Webuye, alikuwa amefia hospitali ya Kitale, na kwa kuwa Kemboi alikuwa anaishi mjini, familia ilimwachia kazi ya mochari na ya programu. Alikuwa mkwe mwema na mkwe wa mbali. Alijua majina ya wake wa ndugu za mkewe kwa taabu. Alisoma mfano wa Mzee Gicheru ukutani, akasema, "Huyu alikuwa mtu safi. Nimutatishie huyu."

Akawa anasoma majina kutoka kwenye simu, Tabby anabadilisha. Watu wa upande wa Bungoma, kama hao wa Matulo, wakitaja *r* pengine wanamaanisha *l*, na Kemboi naye aliandikiwa na shemeji zake kama walivyotamka, kwa hiyo kila jina liliulizwa mara mbili. Kiminini ikawa Matulo. Mahindi yakawa miwa. Kanisa likabadilishwa, mke akabadilishwa, watoto wakabadilishwa. Kisha stima ikapotea, taa na kompyuta zikazima.

Ilipotea kwa muda ambao Kemboi alinywa chai, akapiga simu, akatoka kuangalia pikapu iliyobeba jeneza, akarudi. Iliporudi, Matulo walikuwa wakipiga simu kuuliza mwili uko wapi. Tabby alipitisha macho kwenye ukurasa kuanzia juu mpaka chini. Macho yake yaliona majina yote mapya yakiwa mahali pake. Sentensi ya mwisho haikuwa na jina la mtu, ilikuwa na ndugu tu, na jicho lake lilitafuta majina. Akaprinti, Kemboi akabeba maboksi, pikapu ikaondoka.

Jumatatu iliyofuata mteja mwingine alitaka mfano ule ule. Tabby akaufungua, akafika kwa ndugu wa Kamukuywa, akanyanyua mkono kutoka kwenye kibodi. Akafungua ule wa Mzee Wabomba. Ndugu wa Kamukuywa alikuwemo pia.

Alimwambia mteja aketi kidogo, akatoka nje kumpigia Kemboi.

"Mazishi ilikuwaje?" aliuliza.

"Ilienda vizuri sana, Mama Ian. Watu walilia kuliko vile tulikuwa tumepanga."

"Na ile yuloji?"

"Hiyo ndiyo iliwaliza. Si uliweka ile maneno ya ndugu yake? Sasa mimi nashangaa. Mimi ni mkwe, nimeoa hapo miaka yote hii, sikujua mzee ako na ndugu Kamukuywa. Wewe ulijuaje?"

Kemboi hakungoja jibu, akaendelea kusimulia aliyoyasikia mazishini, kwa kuwa alikuwa mtu anayependa simu ikilipiwa na mwenzake.

Mzee Wabomba alikuwa kweli na ndugu mdogo, jina lake Lusweti. Shamba lao la Matulo liligawanywa na baba yao, na upande wa juu, wenye chemchemi, ukaangukia Lusweti. Lusweti akapanda blugamu kuizunguka. Blugamu ni mti unaokunywa kama mtu aliyeachwa peke yake na pombe ya harusi. Chemchemi ikapungua, ikawa tope, ikawa kumbukumbu. Wabomba alimwambia akate. Lusweti akasema miti ni yake. Wazee waliitwa, wakala, wakaenda. Mwishowe Lusweti alihamia Kamukuywa akafungua biashara ya mbao, akaiacha miti imesimama, na ndugu hao wawili hawakuzungumza tena. Mke wa Wabomba na watoto wake wakawa wanateka maji mtoni.

Kwenye mazishi Lusweti alikuja kwa sababu mtu akikosa mazishi ya ndugu yake atasemwa. Alikaa nyuma kabisa, nje ya turubai. Kijana wa kanisa aliposoma sentensi ile, watu wa Matulo, ambao wote waliijua habari ya miti, walinyamaza wote pamoja. Lusweti akainuka. Akapita katikati ya viti mpaka kwenye jeneza, akasimama hapo akitiririka maji ya mvua, kisha akaomba kipaza sauti. Alisema neno moja, "Nimesikia," akakirudisha.

"Na jana," Kemboi alimalizia, "alikuja na watu wa pawa so. Wanaangusha miti yote. Sasa niambie, ulijuaje?"

"Nitakupigia," Tabby alisema. Hakumpigia.

Alimweleza Jerono. Jerono alikuwa akifunga shada, na hakuliacha.

"Wewe kaa kimya," alisema. "Mungu ametumia kompyuta yako. Mara ngapi anatumia kompyuta ya mtu?"

"Ni kosa langu, Jerono. Ilikuwa nibadilishe."

"Kosa iko wapi? Mtu ameumia? Miti ndiyo imeumia."

Jerono alikuwa na hoja. Tabby aliijaribu hoja hiyo kwa wiki nzima, akiwa jikoni, kanisani, na kwenye benchi lake mwenyewe. Haikumkaa moyoni. Alikuwa ameandika maisha ya watu wengi na kuwafanya wapenda amani bila kujali, lakini hayo yalikuwa maneno ambayo kila mtu anajua ni ya kawaida. Haya ya Gicheru hayakuwa ya kawaida. Rahab alimshika baba yake mkono alipoyasema. Yeye Tabby ameyatoa kwa mtu mwingine, kama mtu anayetoa koti la mgeni lililosahauliwa kwake. Na kule Matulo kuna mzee anayekata miti yake kwa sababu ya koti hilo.

Jumamosi alifunga mapema, akaenda Matulo.

Mjane wa Wabomba, Mama Nanjala, alimpokea kwenye kivuli cha nyumba. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ndogo, kichwa kimenyolewa. Kutoka juu ya shamba ilisikika sauti ya pawa so, ule msumeno wa injini, ikinyamaza na kuanza tena. Tabby alijitambulisha, akasema yeye ndiye aliyeandika yuloji.

"Nimekuwa nikikungoja," Mama Nanjala alisema. "Nilijua utakuja, ama hutakuja."

"Mama, ile maneno ya mwisho, mzee hakuisema. Ilikuwa ya mtu mwingine. Nilisahau kutoa."

"Najua hakuisema."

"Ulijua?"

"Mimi nilikuwa na yeye mpaka mwisho. Siku ya mwisho aliomba maziwa ya mala, ile ya kuganda. Tulikuwa tumeleta freshi, akakasirika. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho." Alinyoosha kitambaa kilichokuwa begani. "Mwaka jana alisema akifa, Lusweti asipewe hata kiti."

"Na mkampa?"

"Hapana. Alikuja na yake."

Mti ulianguka kule juu, na kuku wakatulia, kisha wakaendelea.

"Mama, pole sana," Tabby alisema. "Nimekuja nimwambie Lusweti ukweli."

Mama Nanjala alitafakari. Alisema alipokuwa amekaa mbele ya jeneza akaisikia ile sentensi, alimkasirikia marehemu, akadhani amemficha jambo kubwa hivyo, amwambie daktari asimwambie yeye. Halafu akakumbuka ni mzee gani huyo, akajua hawezi. Akajua ni mashini. Angeweza kuinuka aseme. Lakini alimwona Lusweti akija kati ya viti, na hakuwa amemwona akitembea hivyo tangu akiwa kijana anayekuja kula kwake jioni.

"Kumwambia, mwambie," alisema mwishowe. "Siwezi kukukataza ukweli. Lakini kunywa chai kwanza. Bado mti moja."

Tabby akanywa chai. Aliletewa na ndizi. Walizungumza juu ya bei ya mbolea na juu ya Nasimiyu, mke wa Kemboi, ambaye mama yake alimwona amekonda. Pawa so ilinguruma kwa muda mrefu kuliko mara zote, ikabadilika sauti, na ule mti wa mwisho ukaja chini ukivunja vichaka. Mama Nanjala akasimama akakung'uta nguo.

"Sasa twende," alisema.

Lusweti alikuwa amekaa juu ya gogo, amevua kofia. Alikuwa mzee mwembamba, mikono yenye utomvu. Chini yake, palipokuwa chemchemi, palikuwa na shimo la majani makavu na udongo mweusi. Hapakuwa na maji. Watu wa pawa so walikuwa wakikusanya petroli yao.

"Huyu ni mama wa Kitale," Mama Nanjala alimwambia. "Yeye ndiye aliandika."

Lusweti alisimama akamsalimia Tabby kwa mikono miwili. "Nirikuwa nakuja kwako," alisema. "Nirikuwa nimalize hii kazi kwanza. Nataka kujua arisema saa ngapi. Na kama arikuwa amelala ama amekaa."

Tabby alikuwa amejipanga njiani maneno mazuri. Yote yalimpotea, akabaki na yale mafupi.

"Mzee, hakusema. Hiyo sentensi ilikuwa ya mtu anaitwa Gicheru, wa Kitale. Nilichukua yuloji yake nikabadilisha majina, stima ikapotea, nikasahau kutoa hiyo. Ni makosa yangu. Naomba unisamehe."

Lusweti alirudi kukaa kwenye gogo. Alimtazama Mama Nanjala.

"Shemeji, wewe urijua?"

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Na ukaniachia nikate."

"Miti ilikuwa inakunywa maji yetu, Lusweti. Hiyo haikuwa makosa ya kompyuta."

Lusweti alishika kofia yake akaizungusha vidoleni. Tabby aliona kwamba macho yake yana machozi, na kwamba hana haja ya kuyaficha, maana alikwisha kulia mbele ya watu wote mazishini.

"Niringoja sana hiyo maneno," alisema. "Hata nikiwa Kamukuywa, mtu akija kutoka huku, nauliza habari ya mvua, ya miwa, nikingoja aseme, ndugu yako anasema hivi. Hakuna mtu arisema. Sasa ikasemwa. Nikafurahi. Kumbe ni ya mtu."

Tabby alimwambia habari ya Kilatini. Alimweleza kwamba kazi yake ni kubadilisha yanayopaswa kubadilishwa na kuacha mengine, na kwamba neno la kazi hiyo ni mutatis mutandis, na kwamba siku ile alikosea.

Lusweti alisikiliza kama mfanyabiashara anayesikiliza bei. "Na hiyo neno," aliuliza, "inakwambia ni gani ya kubadilisha?"

"Hapana. Haisemi."

"Sasa inasaidia nini?"

"Inakwambia tu kwamba kuna kitu cha kubadilishwa. Kukitafuta ni juu yako."

"Hm," alisema Lusweti.

Baada ya muda aliuliza huyo Gicheru ndugu yake alikuwa nani, kwa kuwa Kamukuywa yeye anawajua watu wote. Tabby akamtajia Mathenge.

"Mathenge wa mbolea?" Kwa mara ya kwanza Lusweti aliinua kichwa. "Duka lake linatazamana na langu. Tunakunywa chai naye kira siku. Yeye hajasema kama amefiwa."

"Hakwenda mazishi."

"Kwa hivyo hajasikia."

"Hajasikia."

Lusweti alivaa kofia. Alisema huo basi ni mzigo wa mtu, umeteremshwa kwa jirani kwa makosa, na mzigo wa namna hiyo haulazwi, hupelekwa kwa mwenyewe. Akamwomba Mama Nanjala programu moja, kwa kuwa ile aliyopewa yeye ililowa mvua siku ya mazishi. Mama Nanjala akaenda kumletea.

Yaliyotokea Kamukuywa, Tabby aliyasikia kwa Mathenge mwenyewe, aliyekuja Kitale siku chache baadaye akiwa na suti na viatu vya shamba. Lusweti aliingia dukani kwake wakati wa chai, akaweka programu juu ya gunia, akamwonyesha mstari. Mathenge akausoma. Akageuza mbele akaona picha.

"Huyu ni nani?"

"Ni ndugu yangu."

"Na maneno?"

"Ya ndugu yako."

Mathenge alisema ilimchukua muda kuelewa, na Lusweti hakuwa mtu wa kueleza vizuri. Alipoelewa, alifunga duka. Wateja walidhani kuna wizi.

Sasa alikuwa akienda kwa Rahab, aonyeshwe kaburi. Alitaka kwanza nakala iliyo na picha inayofaa, kwa sababu hakuweza kwenda kumlilia kaka yake akiwa ameshika uso wa mtu wa Matulo. Tabby aliprinti. Mathenge alikaa kwenye benchi akasoma wasifu wote wa kaka yake tangu kuzaliwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyetumia mashine ya fotokopi.

"Sikujua alikuwa mzee wa kanisa," alisema. "Alikuwa anatoroka kanisa."

"Rahab ndiye alisema."

"Basi alibadilika."

Lusweti naye hakurudi kupanda miti. Tabby aliuliza habari zake kwa Kemboi, na Kemboi akasema mzee huenda Matulo mara kwa mara na jembe, anachimbua mizizi, na kwamba shemeji yake humpa kiti. Maji yalikuwa bado hayajarudi. Mtu wa kilimo aliyekuja kutazama alisema yanaweza kurudi baada ya misimu miwili, ama yasirudi. Lusweti alimwuliza kama anaweza kuwa wazi zaidi, naye akasema hapana.

Tabby alibadilisha kazi yake kidogo. Siku hizi humsomea mteja wasifu wote kwa sauti kabla ya kuprinti, mpaka mwisho, hata jeneza likiwa linangoja nje. Jambo hilo limemharibia biashara. Ng'ambo ya barabara kumefunguliwa chumba kingine kinachotoa programu upesi, na wafu wake wote bado waliugua kwa muda mfupi. Jerono anasema maua yake yananyauka yakimngojea Tabby amalize kusoma.

Lakini habari ya mazishi ya Matulo ilienea kwa njia ambayo hakuitaka. Ilifika Webuye, ikafika Myanga, na kila ilipopita iliacha nje sehemu ya makosa. Watu wakaanza kuja kutoka mbali, wakipita chumba cha ng'ambo, wakiuliza ile sentensi ya kusamehe.

Majuzi alikuja mama mmoja wa Myanga, aliyefiwa na mumewe, akasema anaitaka kama ilivyo.

"Mzee alisema hivyo kweli?" Tabby aliuliza.

"Hapana. Alikufa ghafla, shambani."

"Basi siwezi kuandika alisema."

Mama alikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Hakuonekana kukasirika, wala hakuonekana kuwa na nia ya kuondoka. Nje, pikapu yake ilikuwa imezima injini.

"Ako na ndugu?" Tabby aliuliza mwishowe.

"Ako na dada. Hawakuwa wanaongea."

"Dada atakuja mazishi?"

"Atakuja. Hawezi kosa."

Tabby alivuta kiti kingine akakiweka kando ya kompyuta. "Njoo ukae hapa," alisema. "Uniambie wewe mwenyewe unataka kumwambia nini, tuandike ni wewe umesema."

Mama yule alifikiri, akahamia kwenye kiti. Ilichukua muda mrefu, na dereva wa pikapu alipiga honi mara kadhaa.